Diski Moja, Tarakilishi Nyingi: Utata wa "Hifadhi ya Mtandao" Nyumbani

Istilahi "hifadhi ya mtandao" imeundwa kwa maneno mawili, na yote mawili ni tata. "Mtandao", neno lililotokana na kitenzi "tanda", hutumiwa na wasemaji wa leo kwa maana ya vyombo vichache vilivyounganishwa chumbani, na papo hapo kwa maana ya intaneti inayoizunguka dunia nzima. "Kuhifadhi" nako ni kuweka kitu mahali, ni kukilinda kisipotee, na kwa mwanachuo wa Kurani ni kukitia moyoni. Mwanaisimu anaweza kuutazama utata huu kama jambo la kawaida la lugha, kwa kuwa hakuna lugha isiyokuwa nao. Hata hivyo, pale mtu anapotwaa diski yake ya USB yenye rasimu ya tasnifu, picha za arusi ya dadake na rekodi za ngano alizozikusanya mashinani kwa miezi sita, akaiunganisha na ruta ya nyumbani ili wenziwe nao waitumie, utata huo hutoka kamusini ukaingia maishani. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi diski ya USB inavyogeuzwa kuwa ghala la pamoja nyumbani, na kubainisha mahali ambapo maneno hayo mawili humpotosha mtumiaji hata akaipoteza kazi yake.

Kwanza, ni kwa nini diski igeuzwe? Kwani haitoshi kuipitisha mkono kwa mkono, kama ifanyavyo familia nyingi? Jibu limo katika maumbile ya USB yenyewe. Waya wa USB una ncha mbili zisizo sawa: upande mmoja yupo bwana, yaani tarakilishi inayotoa amri, na upande wa pili yupo mtumishi, yaani diski inayotii. Mtumishi huyu hawezi kuwa na mabwana wawili. Fauka ya hayo, diski haijui faili ni nini. Kwake yeye kuna vyumba vidogo vidogo vyenye nambari, basi. Anayejua kwamba chumba fulani na fulani kwa pamoja ni sura ya pili ya tasnifu ni mfumo endeshi wa tarakilishi, ambao huweka orodha ya vyumba hivyo katika kumbukumbu yake unapoendelea na kazi. Lau tarakilishi mbili zingeiandikia diski moja kwa wakati mmoja, kila moja ikishika orodha yake bila kujua ya mwenzake, moja ingeandika juu ya chumba ambacho nyingine imekwisha kukijaza. Orodha ingevurugika, na faili zingebaki majina matupu.

Dawa yake ni karani. Ghala la nafaka ambalo kila mwanakijiji ana ufunguo wake halikawii kuwa na mzozo. Ghala lenye karani mmoja aketiye dirishani hupokea na kutoa kwa utaratibu. Katika nyumba, karani huyo ni tarakilishi ndogo ambayo peke yake ndiyo iliyounganishwa na diski kwa waya wa USB. Nyingine zote haziigusi diski. Huja dirishani kupitia mtandao wa nyumbani na kuomba: nipe faili hii, nipokelee ile, nani anaiandika hii kwa sasa? Kugeuza diski ya USB kuwa hifadhi ya pamoja si kuibadili diski; ni kuiwekea karani.

Karani na wateja wake huhitaji lugha moja. Lugha iliyotamalaki majumbani ni SMB, ambayo mizizi yake ni kazi ya Barry Feigenbaum katika kampuni ya IBM mnamo 1983, na ambayo baadaye Microsoft iliifanya kuwa lugha ya Windows ya kushirikiana faili. Jinsi lugha hiyo ilivyowafikia watu wasiokuwa na Windows ni kisa kinachostahili kusomwa na kila mwanafunzi wa isimu. Kati ya mwishoni mwa 1991 na mwanzoni mwa 1992, Andrew Tridgell, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamifu mjini Canberra nchini Australia, aliandika programu ya kuiwezesha mashine ya Unix kuzungumza na tarakilishi nyingine kwa lugha hiyo. Hakupewa sarufi yake. Alisikiliza ujumbe uliokuwa ukipita kwenye waya, akatazama ombi gani lilifuatwa na jibu gani, kisha akaiga. Baadaye, katika maelezo yake ya 2003, aliifananisha mbinu hiyo na mtu asiyejua Kifaransa aliyeketi katika mkahawa wa Ufaransa, asiye na kamusi wala mwalimu, akisikiliza wateja wanavyoagiza na kuangalia wanaletewa nini. Mtafiti yeyote aliyewahi kukusanya data ya lugha isiyoandikiwa sarufi anaijua kazi hiyo.

Programu hiyo leo huitwa Samba. Jina lake la kwanza lilikuwa tayari ni mali ya kampuni nyingine, hivyo Tridgell akaiagiza tarakilishi yake imtafutie katika orodha ya maneno ya Kiingereza kila neno lenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo. Miongoni mwa yaliyojitokeza akachagua jina la ngoma ya Kibrazili. Sikio la Mswahili husikia humo "kusambaa" na "kusambaza", na maana inawiana vizuri ajabu, ingawa ni sadfa tupu.

Kwa muda mrefu karani wa namna hii alikuwa mashine kubwa na ghali iliyofungiwa katika chumba cha ofisi. Mambo yalibadilika mnamo 2004, kampuni ya Linksys ilipoanza kuuza kisanduku kilichoitwa NSLU2. Kilikuwa chombo cha kuenea kiganjani, hakina diski ndani yake, ila kina milango miwili ya USB na mmoja wa waya wa mtandao. Mnunuzi alichomeka diski aliyokuwa nayo, na nyumba nzima ikawa na ghala. Ndani yake mlikuwa na mfumo wa Linux na Samba, na kumbukumbu ya megabaiti 32 pekee. Vile vya mwanzo viliwekwa na kiwanda viende kwa nusu ya kasi ya prosesa yake ya megahezi 266, na watumiaji wakagundua kwamba kung'oa kipande kimoja kidogo kwenye bodi kuliirejesha kasi yote.

Walichokigundua zaidi ya hicho ndicho kilichokipa kisanduku umaarufu. Kwa kuwa Linux hutolewa kwa leseni ya GPL, mwenye kuuza chombo chenye mfumo huo hulazimika kuwapa watumiaji programu asilia ya sehemu hizo. Linksys ilizitoa. Jamii ya wapenzi ikajitokeza, ikaandika mifumo mbadala, na ilipofika 2007 mfumo wa Debian toleo la 4.0 uliweza kusimikwa humo kikamilifu. Kwa kucheza na herufi za jina lake, wakakiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya koa. Koa huyo aliacha kuuzwa mnamo 2008, lakini kazi aliyoifungua haikukoma.

Leo karani hupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza na rahisi ni ruta iliyo na mlango wa USB: diski huchomekwa, mwenye nyumba huingia katika ukurasa wa mipangilio, huwasha huduma ya kushirikiana faili na kuweka nywila. Upungufu wake ni kwamba ruta nyingi za bei nafuu huenda polepole katika kazi hii, na mtengenezaji akiacha kuzitunza, hubaki na Samba ya zamani. Ya pili ni tarakilishi ndogo kama Raspberry Pi, iliyotolewa Uingereza mnamo 2012. Ya tatu, ambayo kwa mwanafunzi ndiyo yenye gharama ndogo kuliko zote, ni kipakatalishi kikuukuu ambacho kioo chake kimevunjika au baobonye yake imekufa. Kwa karani, kioo na baobonye ni vya siku ya kwanza tu. Siku zinazofuata huamrishwa kutoka tarakilishi nyingine.

Kwa njia mbili za mwisho, hatua zenyewe si za kutisha. Linux husimikwa katika mashine. Diski husafishwa na kupangwa upya kwa mfumo wa faili wa ext4, jambo linalofuta kila kilichomo, kwa hivyo vilivyomo vihamishwe kwanza. Mtu anaweza kushawishika kuiacha katika mpango wa FAT32 ambao diski nyingi ndogo huja nao, lakini mpango huo haupokei faili moja inayofikia gigabaiti 4, na rekodi ya video ya mahojiano marefu na manju wa kijijini huuvuka mpaka huo bila taabu. Kisha karani huelekezwa mahali diski inapopatikana, na ni heri aitambue kwa kitambulisho chake cha kudumu badala ya mlango ilipochomekwa, maadamu majina ya milango yanaweza kubadilika mashine inapozimwa na kuwashwa. Baada ya hapo Samba husimikwa, na katika faili yake ya mipangilio huandikwa mistari michache: jina la kabrasha la pamoja, njia ya kulifikia, watu wanaoruhusiwa na kama wanaweza kuandika au kusoma tu. Kila mtu hufunguliwa akaunti na nywila yake. Mwisho, ruta huagizwa impe karani anwani ile ile kila siku, ili wateja wasije dirishani wakakuta kahama.

Kuhusu umeme, neno moja. Diski ndogo zisizo na waya wake wa umeme hunyonya nguvu kutoka mlango wa USB, na mlango wa kizazi cha pili umekadiriwa kutoa miliampea 500 pekee, ambazo huenda zisitoshe diski inapoanza kuzunguka. Diski ikisikika inalia "tik, tik" na kutoweka, aghalabu tatizo ni hilo, na kigawanyo cha USB chenye umeme wake hulitatua. Ama umeme wa nyumba nzima kukatika katikati ya uandishi, mfumo wa ext4 huweka kumbukumbu ya mabadiliko ya orodha yake kabla hayajafanywa, hivyo orodha huokoka mara nyingi. Sentensi iliyokuwa ikiandikwa haina dhamana hiyo.

Hapa ndipo panapostahili kurejelewa neno "mtandao". Katika nyumba nyingi za wanafunzi, mtu akiambiwa kwamba faili ziko "kwenye mtandao" huuliza mara moja zitamla data kiasi gani. Hazimli hata chembe. Faili inayotoka kwa karani aliye sebuleni kwenda kwenye kipakatalishi kilicho chumbani hupitia ruta na kurudi ndani. Haitoki nje ya nyumba, na ingefika hata kama kifurushi kimekwisha tangu jana. Kosa hilo halina madhara. Lenye madhara ni kinyume chake: kuamini kwamba, kwa kuwa ni mtandao, basi ghala linafaa lifikike kutoka popote.

Mpaka kati ya mitandao hii miwili ni bayana. Tangu 1996 mkataba wa kiufundi wa intaneti umetenga mafungu matatu ya anwani kwa matumizi ya ndani tu, likiwamo lile linaloanza kwa 192.168 ambalo wengi wameliona katika ruta zao. Anwani hizo hazisafiri nje. Watu elfu wanaweza kuwa na makarani elfu wenye anwani moja, kama vile kila kijiji kinavyoweza kuwa na "nyumba iliyo karibu na kisima". Ruta ndiyo mlangoni. Mtu wa nje hafiki kwa karani mpaka mlango ufunguliwe, ama na mwenye nyumba aliyetaka kuzisoma faili zake akiwa chuoni, ama na chombo chenyewe, kwa maana zipo ruta zinazoviruhusu vyombo vya ndani kuomba kufunguliwa mlango pasipo mwenyeji kuulizwa.

Mlango ukiwa wazi, hutokea yaliyotokea mwishoni mwa Juni 2021. Kampuni ya Western Digital ilikuwa imeuza tangu 2010 chombo kilichoitwa My Book Live, ndugu wa karibu wa visanduku vilivyoelezwa hapa, ila diski yake ilikuwa ndani. Marekebisho yake ya mwisho ya programu yalitolewa 2015. Miaka sita baadaye, wamiliki wengi waliamka wakakuta ghala tupu: vyombo vyao vilikuwa vimeamrishwa kutoka nje virejee katika hali ya kiwandani. Waliochunguza programu hiyo walikuta kwamba mistari iliyopaswa kudai nywila kabla ya amri hiyo kutekelezwa ilikuwemo, lakini ilikuwa imebatilishwa. Kampuni iliwashauri wamiliki wavikate vyombo hivyo kutoka intaneti. Vilivyokuwa katika mtandao wa ndani pekee havikufikika kwa amri hiyo ya mbali. Kwa waliopoteza picha za watoto wao, tofauti kati ya maana mbili za neno moja ilikuwa ndiyo tofauti yote.

SMB yenyewe ina kisa kinachofanana na hicho. Mnamo tarehe 12 Mei 2017, programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilienea ulimwenguni kwa kutumia dosari katika utekelezaji wa toleo la kwanza la lugha hiyo kwenye Windows, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kinga yake Machi ya mwaka huo huo. Baada ya hapo toleo la kwanza liliharakishiwa kaburi: matoleo mapya ya Windows 10 kuanzia mwishoni mwa 2017 hayakuja nalo likiwa limewashwa, na Samba ikalizima katika toleo lake la 4.11 la 2019. Matokeo yake ni jambo ambalo wanaisimu wataliona si geni. Koa wa 2004 aliyebaki na programu ya kiwandani angali anaongea, lakini waliozaliwa baada yake hawamwelewi. Wapo wanaomrudishia Windows lugha ile ya kale ili tu waendelee kumtumia. Huko ni kuufungua tena mlango uliofungwa kwa sababu nzuri. Heri diski ihamishiwe kwa karani mpya.

Likibaki neno "hifadhi", hilo huangamiza kazi nyingi zaidi, na kwa kimya. Mtu akisema "nimeihifadhi tasnifu yangu kwenye ghala la nyumbani" huwa amesema kweli kwa maana ya kwanza ya kitenzi na huenda amejidanganya kwa maana ya pili. Ghala la pamoja huanza kama mahali pa ziada. Miezi michache baadaye, kwa sababu ni rahisi kulifikia, kila mtu huacha kuweka nakala katika tarakilishi yake, na mahali pa ziada panakuwa mahali pekee. Watu wanne waliokuwa na hatari nne ndogo sasa wana moja kubwa.

Isitoshe, faili likifutwa katika diski ya tarakilishi yenyewe, Windows hulipeleka katika pipa la takataka, mtu akajutia na kulirejesha. Likifutwa katika kabrasha la karani kupitia mtandao, halipiti pipani. Hutoweka hapo hapo. Mdogo wa nyumbani anayesafisha nafasi ya kuweka filamu anaweza kufuta rekodi za msimu mzima wa utafiti kwa kubonyeza mara mbili. Samba inayo nyongeza ya hiari inayohamishia vilivyofutwa katika kabrasha la takataka, ila haifanyi kazi bila kuagizwa katika faili ya mipangilio, na inafaa iagizwe siku ya kwanza. Vilevile kila mmoja awe na kabrasha ambalo wengine hulisoma tu, na la pamoja liwe ni la vitu ambavyo hakuna atakayevililia.

Baadhi ya watu hununua diski ya pili na kuzifanya zote mbili ziandike kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mpango huo humlinda mtu dhidi ya diski moja kufa. Haumlindi dhidi ya mkono wake, kwa kuwa kilichofutwa katika ya kwanza hufutwa katika ya pili papo hapo. Nakala ya kweli ni ile iliyocheleweshwa na kutengwa. Programu ya rsync, ambayo Tridgell huyo huyo aliitoa pamoja na Paul Mackerras mnamo 1996, hulinganisha makabrasha mawili na kunakili kilichobadilika tu. Karani anaweza kuagizwa aiendeshe kila usiku kuelekea diski ya pili, akiweka kabrasha la Jumatatu, la Jumanne na kuendelea, ili kosa la leo lisiifute nakala ya juzi. Diski ya tatu hupelekwa nje ya nyumba, kwa mzazi au kwa rafiki, na kubadilishwa kila likizo, kwani mwizi anayebeba karani habagui diski iliyo ubavuni mwake.

Diski hiyo ya tatu ina tatizo lake dogo. Ikiwa imepangwa kwa ext4, mzazi akiichomeka kwenye Windows ataambiwa kwamba haisomeki, na ataulizwa kama angependa isafishwe. Wengi hujibu ndiyo. Kwa hivyo ni vyema ibandikwe kipande cha karatasi chenye mambo manne yaliyoandikwa kwa kalamu isiyofutika: kwamba isisafishwe, kwamba inasomeka kwa Linux, tarehe ya nakala ya mwisho, na jina la mtu wa pili anayeijua nywila.